Mtoto anaumwa koo: kwa nini dawa kali si lazima iwe dawa bora

Kwa ufupi

- Maumivu mengi ya koo kwa watoto huletwa na virusi. Antibayotiki haiui virusi.
- Bakteria wa koo anayetutia wasiwasi zaidi, streptokokasi wa kundi A, bado anakufa kwa penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Lakini katika nchi nyingi ameshaanza kuzishinda azithromaisini na erithromaisini.
- Mtoto mwenye bakteria huyu anahitaji dozi kamili aliyoandikiwa. Asipotibiwa vizuri, moyo wake unaweza kuharibika.
- Mtoto anayepumua kwa shida, anayedondosha mate kwa kushindwa kumeza, au aliyelegea sana apelekwe hospitali sasa hivi.

Mwezi wa Juni ukiingia, ukungu unashuka kutoka Mlima Meru, manyunyu yanaanza, na nyumba nyingi za Arusha zinafunga madirisha. Watoto wanalala karibu karibu ili wapate joto, na shuleni wanabanana darasani. Hapo mafua, kikohozi na maumivu ya koo hupita haraka kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine. Kuanzia Sakina na Ngaramtoni hadi Tengeru na Usa River, maneno yanayosikika kwenye duka la dawa ni yale yale: "Kaka, naomba dawa ya tonsesi ya mtoto. Nipe ile kali."

Muuzaji anauliza umri, anatoa chupa, anaelekeza kijiko asubuhi na jioni. Baada ya siku tatu mtoto anacheza uwanjani na chupa inawekwa juu ya kabati. Inaonekana dawa imefanya kazi. Ukweli ni kwamba mara nyingi mtoto huyo angepona bila antibayotiki yoyote. Na mara chache, zile zenye hatari, alihitaji dawa nyingine, na kwa siku nyingi zaidi ya hizo tatu.

Makosa hayo mawili yanakwenda pamoja: tunawapa antibayotiki watoto wengi wasioihitaji, halafu mtoto mmoja anayeihitaji kweli hapati dozi kamili. Yote mawili yanalisha tatizo ambalo wataalamu wa Tanzania wanaliita usugu wa vimelea dhidi ya dawa, au kwa kifupi UVIDA.

Usugu si mwili wa mtoto kuzoea dawa

Wengi tunasema, "Mwanangu ameshazoea amoksilini, haimsaidii tena." Maneno haya yanaeleweka, lakini yanatupotosha. Mwili wa mtoto hauzoei antibayotiki. Wanaobadilika ni bakteria.

Katika koo, pua na utumbo wa kila mtoto wanaishi bakteria wengi mno, na wengi wao hawana madhara. Katika kundi hilo wamo wachache wenye kinga dhidi ya dawa fulani. Ukimpa mtoto dawa hiyo, wale dhaifu wanakufa na wale wachache wanabaki na nafasi yote ya kuzaana. Wengine wanaweza hata kuwagawia bakteria wa aina nyingine siri hiyo ya kujikinga. Kisha wanasafiri: kwa mikono, kwa kikohozi, kwa kikombe kimoja kinachopita kwa watoto watatu.

Kwa hiyo usugu haubaki kwa mtoto aliyekunywa dawa. Mdogo wake ambaye hajawahi kuonja antibayotiki anaweza kupata bakteria ambaye tayari ni sugu. Hata bibi anayewalea naye anaweza kumpata.

Virusi au bakteria?

Watafiti waliwachunguza kwa kina watoto 1,005 waliokuwa na homa Dar es Salaam na Ifakara, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Zaidi ya nusu ya watoto hao walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Kwa jumla, karibu watoto 70 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa virusi, na takriban 22 walikuwa na ugonjwa wa bakteria. Yaani watoto wengi walioletwa na homa hawakuwa na ugonjwa ambao antibayotiki ingeutibu.

Kwa maumivu ya koo peke yake hali inafanana. Kwa watoto wa umri wa kwenda shule, streptokokasi husababisha takriban robo ya maumivu hayo. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3 ni nadra sana. Umri wake hasa ni miaka 5 hadi 15.

Hakuna dalili moja inayotosha kukupa uhakika, lakini zifuatazo zinasaidia.

Huenda ni virusi kama mtoto ana:
- mafua au makamasi;
- kikohozi;
- sauti iliyokauka;
- macho mekundu;
- vidonda vidogo mdomoni.

Huenda ni streptokokasi kama mtoto:
- ameanza kuumwa koo ghafla, na ana homa;
- hana kikohozi wala makamasi;
- ana tonsesi nyekundu zilizovimba, pengine zenye madoa meupe au usaha;
- ana tezi zinazouma mbele ya shingo;
- ana vipele vidogo mwilini, ngozi ikiwa na mkwaruzo kama msasa.

Orodha hii ni ya kukusaidia kuamua uende wapi. Isitumike kuchagua dawa dukani. Madoa meupe peke yake si uthibitisho, kwa sababu hata virusi huyaleta.

Bakteria mwenye dawa ya zamani

Kinachofanya streptokokasi wa kundi A aogopwe si maumivu ya koo yenyewe. Koo linaweza kutulia lenyewe baada ya siku kadhaa. Hatari huja wiki mbili hadi nne baadaye, pale kinga ya mwili iliyoamshwa na bakteria inapoanza kushambulia viungo vya mtoto mwenyewe. Magoti na vifundo vinavimba na kuuma, maumivu yakihama kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Moyo unaweza kuguswa. Hali hii huitwa homa ya rumatiki, na ikijirudia huacha makovu kwenye valvu za moyo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu milioni 55 wanaishi na ugonjwa wa moyo unaotokana na homa hii, na unaua watu wapatao 360,000 kila mwaka, wengi wao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Mtoto aliyewahi kupata homa ya rumatiki huhitaji sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Valvu zikiharibika sana, inabaki njia ya upasuaji, kama ule unaofanywa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete Dar es Salaam. Kwa familia ya Arumeru, hiyo ni safari ndefu yenye gharama nyingi, hata kabla ya gharama ya matibabu.

Na bado ugonjwa huu mzito unazuilika kwa dawa iliyoanza kutumika miaka ya 1940. Tangu wakati huo hadi leo, streptokokasi wa kundi A hajaonekana kuishinda penisilini katika matibabu. Amoksilini, ambayo ni ndugu wa penisilini, nayo inafanya kazi. Mhudumu anaweza pia kuchagua sindano moja ya penisilini inayokaa mwilini kwa wiki kadhaa, hasa pale anapoona dozi ndefu ya kunywa itakuwa ngumu nyumbani.

Jambo jingine la kutuliza moyo: penisilini ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado inaweza kuzuia homa ya rumatiki. Kwa hiyo mtoto asiye na dalili za hatari anaweza kusubiri hadi kesho asubuhi akaonwe na mhudumu. Huna sababu ya kukimbilia dukani saa mbili usiku kununua dawa yoyote iliyopo.

Azithromaisini imepoteza nguvu kiasi gani?

Mama wengi wanaipenda azithromaisini. Ni ya siku 3, hunywewa mara moja kwa siku, na ina sifa ya kuwa "kali". Kwa mtoto mwenye aleji ya kweli ya penisilini inaweza kuokoa hali. Lakini kwa streptokokasi wa koo haipaswi kuwa chaguo la kwanza.

Mwaka 2024 WHO ilitoa orodha mpya ya bakteria sugu wanaohitaji kupewa kipaumbele duniani. Kwa mara ya kwanza streptokokasi wa kundi A aliingia humo, kwa sababu ya usugu wake dhidi ya familia ya azithromaisini na erithromaisini. Nchini China, tafiti za watoto zimeonyesha kwamba zaidi ya 9 kati ya kila streptokokasi 10 hawaguswi na erithromaisini, na dawa hizi mbili zikishindwa huwa zinashindwa pamoja.

Maana yake ni kwamba dawa "kali" inaweza kuwa ndiyo dhaifu kwa bakteria huyu, na ile ya kawaida ya bei nafuu ikawa ndiyo yenye nguvu. Ukali wa dawa hauko kwenye bei wala kwenye idadi ndogo ya vidonge. Dawa ni bora pale inapomfikia bakteria aliyepo, kwa kipimo sahihi, kwa siku zinazotosha.

WHO imezigawa antibayotiki katika makundi matatu: zile za kutumika kwanza, zile za kutumika kwa uangalifu, na zile za akiba kwa wagonjwa mahututi. Amoksilini na penisilini ziko kundi la kwanza. Azithromaisini na sindano ya seftriaksoni ziko kundi la uangalifu. Mhudumu anayekuandikia amoksilini ya kawaida hajakudharau. Amefuata mwongozo.

Je, penisilini itabaki hivyo milele? Hakuna wa kuahidi. Mwaka 2020 watafiti wa Seattle, Marekani, walieleza juu ya streptokokasi wawili waliokuwa na badiliko dogo lililowafanya wapunguze kidogo kuguswa na ampisilini na amoksilini. Walikuwa bado wanatibika, lakini ulikuwa ni ufa wa kwanza kwenye ukuta. Na mwishoni mwa mwaka 2022, Uingereza ilipopata wimbi kubwa la maambukizi ya streptokokasi wa kundi A na watoto kadhaa wakafariki, penisilini iliadimika katika maduka ya dawa ya nchi hiyo tajiri. Dawa hii ya kawaida ni mali ya kutunzwa.

Kama penisilini bado inamuua, tunaogopa nini?

Tunawaogopa bakteria wengine wanaoishi na huyu. Kijiko cha antibayotiki hakiendi kooni peke yake. Kinapita tumboni na kuingia kwenye damu, na kila bakteria anayekutana na dawa anapata somo. Wapo pneumokokasi puani, wanaoweza kuleta nimonia. Wapo E. coli tumboni, wanaoweza kuleta maambukizi ya mkojo au ya damu. Mtoto akipewa antibayotiki mara nne kwa mwaka kwa ajili ya mafua, hao ndio wanaojifunza.

Gharama ya somo hilo imeonekana hapa Tanzania. Katika utafiti uliofanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2001 na 2002 kwa watoto 1,828 waliolazwa wakiwa na dalili za maambukizi makali, watoto waliokuwa na kundi la bakteria kama E. coli kwenye damu walifariki kwa kiwango cha asilimia 43.5. Waliokuwa na malaria walifariki kwa asilimia 20.2. Na mtoto aliyepewa dawa ambayo bakteria wake walikuwa sugu kwayo alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Hiyo ni zaidi ya miaka 20 iliyopita.

Wakati huo huo, dawa zinapatikana kirahisi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, watafiti walikwenda kwenye maduka ya dawa ya mjini Moshi wakijifanya wateja. Maduka zaidi ya 9 kati ya 10 yaliwauzia antibayotiki bila cheti cha daktari. Moshi ni jirani zetu, mwendo wa saa mbili hivi kwa basi, na mama wa Arusha anaweza kujiuliza kama angekuta tofauti kubwa mtaani kwake.

Maji, maziwa na mikono: somo kutoka nyumbani kwetu

Upo utafiti mmoja unaotuhusu moja kwa moja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, wakishirikiana na Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyopo Arusha, walitembelea kaya 425 za Wamasai, Waarusha na Wachaga kaskazini mwa Tanzania. Walichukua sampuli za watu, mifugo, mbwa, wanyamapori na vyanzo vya maji, wakapata vimelea 62,376 vya kupima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020.

Walikuta aina zile zile za usugu kila mahali: kwa mtu, kwa ng'ombe, kwa mbwa, hata kwenye maji. E. coli wa mtoto na E. coli wa ndama hawakuwa na mipaka. La kushangaza, kaya zilizotumia dawa nyingi kwa mifugo hazikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukutwa na usugu. Kilichohusiana nao zaidi ni mambo ya maisha ya kila siku yanayowasaidia bakteria kuhama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Utafiti huo ulihusu bakteria wa tumboni, si wa koo, lakini unatufundisha jambo. Kuacha kununua antibayotiki ovyo ni lazima, ila peke yake hakutoshi. Nyumba inayofuga ng'ombe wawili wa maziwa pale Poli au Ngaramtoni inajikinga pia kwa kuchemsha maziwa, kunawa mikono kwa sabuni baada ya kukamua na kabla ya kumlisha mtoto, na kuchemsha au kutibu maji ya kunywa. Ng'ombe akichomwa dawa, maziwa yake yasinywewe wala yasiuzwe hadi siku alizosema daktari wa mifugo ziishe. Kuyachemsha hakuondoi mabaki yote ya dawa.

Tusimlaumu mama peke yake

Ni rahisi kumwambia mama, "Usinunue dawa bila cheti." Lakini tuangalie njia aliyo nayo.

Sera ya afya ya Tanzania inasema mtoto wa chini ya miaka mitano atibiwe bila malipo katika vituo vya serikali. Streptokokasi wa koo, kama tulivyoona, ana umri wake: miaka 5 hadi 15. Yaani msamaha wa malipo unakwisha pale pale hatari ya homa ya rumatiki inapoanza. Mtoto wa darasa la pili mwenye koo bovu, asiye na bima, anamgharimu mama nauli, pesa ya kumwona daktari, kipimo, dawa, na siku nzima ya biashara. Duka la dawa liko hatua chache kutoka mlangoni, na halina foleni. Mama anayeingia pale hajafanya upumbavu. Amepiga hesabu.

Ndiyo maana mpango wa pili wa taifa wa kupambana na usugu, wa mwaka 2023 hadi 2028, hauwezi kufanikiwa kwa mabango peke yake, wala kwa hotuba za wiki ya uhamasishaji inayoadhimishwa kila Novemba tarehe 18 hadi 24. Unahitaji bima inayomfikia mtoto wa miaka 7, zahanati yenye penisilini rafuni, na mhudumu mwenye dakika tano za kumtazama mtoto mdomoni. Kwenye mkutano wa kijiji au wa mtaa, swali la kuuliza ni hili: je, zahanati yetu ina penisilini na amoksilini za watoto mwezi huu?

Dawa chache, watoto wazima

Mama anaweza kuogopa: "Nikiacha kumpa antibayotiki, je, akizidiwa?" Hofu hii imepata jibu hapa hapa nchini. Katika vituo 40 vya afya vya Mbeya na Morogoro, nusu ya vituo vilipewa kishikwambi chenye programu inayomwongoza mhudumu hatua kwa hatua katika kumpima mtoto. Nusu nyingine viliendelea kama kawaida. Ziliangaliwa ziara zaidi ya 44,000 za watoto wa chini ya miaka 15.

Kwenye vituo vya kawaida, watoto 70 kati ya 100 waliandikiwa antibayotiki. Kwenye vituo vyenye programu, walikuwa 23. Baada ya siku 7, watoto wa vituo vyenye programu hawakuwa na hali mbaya zaidi kuliko wenzao. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2024. Watoto wengi waliokosa antibayotiki hawakukosa kitu. Walipimwa vizuri, na hilo ndilo lililowalinda.

Ufanye nini mtoto akiumwa koo

Nyumbani
- Mpe maji, uji mwepesi na supu ya vuguvugu mara kwa mara, kidogo kidogo.
- Mpe parasetamoli kwa ajili ya homa na maumivu, kulingana na uzito wake. Usimpe aspirini.
- Mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja anaweza kulamba kijiko kidogo cha asali. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.
- Mtoto mkubwa anayejua kutema anaweza kusukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo.
- Asitumie kikombe kimoja na wenzake, na afundishwe kukohoa kwenye kiwiko.
- Usitumie dawa iliyobaki ya ndugu yake.
- Usikubali mtoto akatwe kimeo. Kukata kimeo hakutibu koo wala kikohozi. Kunaweza kuleta kutokwa damu nyingi, maambukizi, na hata kifo.

Mpeleke zahanati au kituo cha afya kama ana dalili za streptokokasi zilizoelezwa hapo juu, kama homa imezidi siku 2, au kama koo halijapata nafuu baada ya siku 3. Mtoto wa chini ya miaka 2 mwenye homa apelekwe mapema zaidi.

Kwa mhudumu, uliza bila kuona haya
- "Daktari, unaona ni virusi au bakteria?"
- "Kama ni bakteria, kuna sababu ya kutotumia penisilini au amoksilini?"
- "Anywe kwa siku ngapi, na chupa hii inatosha siku hizo?"
- "Nikiona dalili gani nirudi?"

Swali la chupa ni muhimu. Dozi ya streptokokasi huku kwetu kwa kawaida ni siku 10. Huenda umesoma kwamba nchi nyingine zinatumia siku 5. WHO inakubali siku chache pale ambapo homa ya rumatiki ni nadra. Mahali ambapo bado ipo, inashauri siku 10. Amoksilini ya unga ikishachanganywa na maji huwa inadumu siku 7 hivi, soma lebo yake. Kwa hiyo chupa moja ikiisha au ikiharibika, dozi bado haijaisha. Utahitaji ya pili, au vidonge vya kuyeyusha kwenye maji ambavyo haviharibiki haraka. Changanya unga kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, hadi kwenye alama, wala usizidishe ili dawa "iwe nyingi".

Dukani, kama huna cheti, eleza dalili za mtoto badala ya kutaja jina la dawa: "Dada, mtoto ana miaka minne, anaumwa koo, ana makamasi na kikohozi, anakula vizuri. Unanishauri nini?" Muuzaji aliyefunzwa akikuambia parasetamoli inatosha, amekusaidia, na amekuokolea pesa. Nunua kwenye duka lililosajiliwa, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na usikubali nusu dozi. Kama pesa haitoshi dozi yote, sema hivyo, mtafute dawa ya bei nafuu zaidi inayofaa.

Dalili za hatari: nenda hospitali sasa hivi
- Anapumua kwa shida au kwa sauti ya kukoroma akiwa macho.
- Anadondosha mate, hawezi kumeza hata maji.
- Shingo imekakamaa au imevimba sana, au hawezi kufungua mdomo.
- Kuna utando wa kijivu kooni. Huenda ni dondakoo, ugonjwa unaozuiwa na chanjo ya penta ya wiki ya 6, 10 na 14. Angalia kadi ya kliniki ya mtoto.
- Amepata degedege, amelegea, au haamki vizuri.

Na katika wiki chache baada ya kuumwa koo, mrudishe kituoni haraka ukiona viungo vinavimba na kuuma kwa kuhama, anahema au kuchoka kupita kawaida, mikono inarukaruka bila yeye kutaka, uso umevimba, au mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi. Mwambie mhudumu: "Wiki chache zilizopita aliumwa koo." Sentensi hiyo moja inaweza kumwonyesha mahali pa kutazama.